Gari Linalotii

Kama kuna kitu kilichomtia kinyaa Mwalimu Breki kuliko mkono uliotoka puani ukaenda moja kwa moja kushika gia, basi ni mwanamume anayesifia injini. Ule mkono alishauzoea. Kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kufundisha watu kuendesha gari, na watu wakishikwa na woga hujikuna, hujipekua pua, viganja vikatiririka jasho, kisha hushika vyote vya kushikwa. Ndiyo maana alikuwa na kitambaa chake cha kufutia kwenye mfuko wa mlango. Mwanafunzi akishuka, alifuta usukani, gia na handibreki kabla hajamwita mwingine. Lakini mwanamume akianza kutokwa na povu kwa ajili ya injini, utafuta nini na nini?

Jina la Breki alipewa na wanafunzi wenyewe. Gari la shule, jeupe, limebabuka rangi milangoni, lilikuwa na pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu, na mguu wake wa kulia ulikuwa haubanduki hapo. Mwanafunzi akisahau, ule mguu ulikumbuka. Tabu ni kwamba mazoea hayo yalimfuata hata nje ya kazi. Akipanda gari la mtu yeyote, likikaribia kona tu, mguu unakanyaga sakafu, unatafuta breki ambayo haipo. Dada yake alikuwa akimcheka kila wakisafiri pamoja: "Mdogo wangu, iko siku utatoboa sakafu ya watu tukokotwe na lami."

Darasani alikuwa na neno lake moja. Akiona mwanafunzi anakamua usukani kama anayekamua blanketi lililoloa, au anakanyaga mafuta mpaka gari linaruka, alimwambia, "Acha kupigana nalo. Nguvu si kitu. Likutii, basi." Alilisema asubuhi akalisema jioni, hata wanafunzi wakimwona kwa mbali wakawa wanataniana, "Likutii, basi!" Yeye hakulitilia maanani neno hilo. Lilikuwa chombo cha kazi tu, kama kile kitambaa.

Bwana Matangi alikutana naye humohumo kwenye kazi. Aliuza matangi ya maji na mabomba katika duka kubwa la kona, na miaka yote alikuwa akiendeshwa, mpaka dereva wake akazeeka, akaacha kazi. Basi akaja kujifunza, na mvi zake kichwani, bila aibu, akapanga foleni na vijana waliomaliza shule juzi. Hilo lilimpendeza Mwalimu. Tena alikuwa msikivu. Akikosea alicheka mwenyewe, akajiita bwege, akarudia. Siku moja alikuja na mto mdogo wa kahawia chini ya kwapa. "Mwalimu," alisema, "nimeona unavyoshika kiuno ukishuka. Weka huu mgongoni." Tangu mumewe afariki, hakuna mtu aliyewahi kuona kwamba kiuno chake kinauma. Aliuweka mto ule kwenye kiti chake na hakuutoa tena.

Bwana Matangi alipofika mahali pa kuweza kwenda peke yake, ni Mwalimu mwenyewe aliyekata kauli: "Huyu sasa anaweza." Baada ya hapo Bwana Matangi akawa anampitia jioni, mara na matunda, mara na habari, na kwa kweli hakuwa na mkono wa birika. Mwisho akatamka lake. Anataka kumwoa. Mwalimu akaomba muda.

"Muda chukua," alisema Bwana Matangi. "Mimi Jumamosi nakwenda kuchagua gari. Twende wote. Kwenye gari neno la mwisho nakuachia wewe. Tukishachagua, na mimi unipe jibu langu. Mambo mawili, safari moja."

Mwalimu alicheka akakubali. Moyoni jibu lilikuwa tayari, na lilikuwa ndiyo. Alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka na chumba chake chenye sahani moja inayooshwa na kurudishwa palepale, na redio anayoiwasha si kwa kuisikiliza bali ili nyumba isikike kama ina watu. Dada yake ndiye aliyeharakisha kuliko wote. Alishakwenda na utepe kupima madirisha ya nyumba ya Bwana Matangi, eti mapazia ya pale yamechakaa. "Jibu hujatoa, mapazia yamekwisha kukatwa?" Mwalimu alimuuliza. "Jibu ni kazi yako," dada alisema, "mapazia ni yangu."

Sasa hilo gari. Bwana Matangi hakutaka gari la kwendea dukani. Alitaka gari la spoti, la milango miwili, la kukaa chini karibu na lami. "Nimeendeshwa vya kutosha," alikuwa akisema. "Na mimi niendeshe mpaka nijisikie." Ugonjwa huo ulichochewa na rafiki yake mmoja, fundi wa magari, ambaye watu walimwita Injini kwa sababu hakuwa na habari nyingine duniani. Jioni moja katikati ya wiki hiyo walikutana dukani watatu, wakaketi juu ya mabomba yaliyokunjwa, na Injini akaanza.

"Shemeji," alisema, ingawa ushemeji wenyewe ulikuwa haujazaliwa, "liko moja jekundu pale kwenye yadi ya magari. Nguvu za farasi mia nne! Ukiligusa tu, shingo inarudi nyuma. Linafanya hivi..." Akajaza mashavu, akanguruma, midomo ikampwitapwita, mate yakaruka. Tone moja likatua kwenye ukingo wa kikombe cha Mwalimu. Mwalimu alikitazama kikombe kile, chai ikiwa bado inafuka moshi, na hakukigusa tena.

"Hao farasi mtawakimbizia wapi?" aliuliza. "Kutoka hapa mpaka mzunguko wa hospitali kuna matuta kila hatua. Ukivuka tuta moja, unaliona jingine."

"Unawatoa barabara kuu."

"Na kona je?"

"Kona unapunguza mwendo, shemeji."

"Basi wanalishwa mafuta ili wapunguzwe. Gari lile najua lilivyo. Pua nzito, nguvu zote ziko nyuma. Ukiingia kwenye kona umelikanyaga, mbele linataka kwenda moja kwa moja, mkia nao unataka kukupita. Utalishika kwa nini, kwa dua? Chukueni jepesi, injini ndogo, linaloshika kona. Mtu hafurahii gari kwa kurushwa shingo."

Injini akapiga kofi pajani, akasema wanawake na breki hawaachani. Lakini Bwana Matangi aliinua kidole. "Msikilize mwalimu wangu," alisema. "Nguvu si kitu." Aliyasema kwa fahari, kama mtoto aliyekariri shairi, na kichwa cha Mwalimu kikavimba kidogo. Nani asiyependa kusikia maneno yake yakirudi kutoka mdomo anaoupenda?

Jumamosi ikafika. Yadi ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, changarawe chini, vibendera vya plastiki juu ya waya. Mwalimu alikuja na lile gari jeupe la shule, akaliegesha getini. Muuzaji alikuwa kijana mnene, amejimwagia manukato mpaka macho yanawasha, na kila gari alilolifungua lilikuwa na kile kikopo cha harufu tamu kimebandikwa mbele, harufu ya kitu kilichooza halafu kikatiwa sukari. Mwalimu alishusha kioo kabla hata hajafunga mkanda.

Walianza na jekundu. Bwana Matangi akashika usukani, Mwalimu akakaa pembeni, Injini akabaki na muuzaji. Haikuwa uongo, lile dude lilikuwa na nguvu. Lilikuwa zito hata likiwa limesimama, na boneti ndefu mbele yako usijue inaishia wapi. Bwana Matangi alipolikanyaga kwenye barabara ya viwandani, tumbo la Mwalimu lilibaki nyuma. Walipofika kwenye ile kona ya kiwanda cha sabuni, likafanya kama alivyosema: pua ikagoma, ikateleza kuelekea upande wa pili, Bwana Matangi akakamua usukani, mguu wa Mwalimu ukakanyaga sakafu kwa nguvu zake zote.

Bwana Matangi aliona, akacheka. "Mguu wako huo! Nikishakuoa utapumzika. Kwangu hautatafuta breki."

Mwalimu alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Hakuyapenda yale maneno, ila hakuwa na nafasi ya kuyapima, maana mbele kulikuwa na dimbwi, maji meusi ya mtaro uliofurika, na ukingoni mwake mfagiaji wa barabara, mwanamke mtu mzima mwenye koti la rangi ya chungwa, ameinama na ufagio wake. Barabara ilikuwa pana. Nafasi ya kupita mbali ilikuwapo, tele.

"Tazama hii," alisema Bwana Matangi, akalikanyaga.

Mguu wa Mwalimu ulipiga sakafu, ukapiga tena. Hakukuwa na pedali. Yale maji yalipanda kama pazia, na alipogeuka nyuma alimwona yule mwanamke amesimama, mikono ameitanua mbali na mwili asijiguse, maji machafu yanamtiririka kidevuni. Bwana Matangi alicheka mpaka akajifuta machozi. "Umeona alivyoruka? Mama mzima!"

"Rudi tukamwombe radhi."

"Kwa maji? Atakauka, bwana."

Mwalimu aligeuza uso. Alitazama nje ya dirisha njia yote ya kurudi. Lakini binadamu akishaamua kupenda, ni hodari wa kutafuta visingizio, naye alikipata chake. Ni gari, alijiambia. Mtu mpole umempa farasi mia nne, wamempanda kichwani. Huyu ndiye aliyeona kiuno changu kinauma. Mpe gari lenye akili, utaona akili zake zinarudi.

Gari lenye akili lilikuwa pale ukutani, nyuma ya malori mawili, na muuzaji alikuwa hata hajalifuta vumbi. Lilikuwa la buluu, dogo, si jipya, na injini yake Injini aliiita ya cherehani. Bwana Matangi akamrushia Mwalimu ufunguo. "Liendeshe wewe kwanza."

Hapo, acha nisimnyime haki yake, Mwalimu alifurahi kama ambavyo hakuwahi kufurahi siku nyingi. Miaka yote alikuwa ameendesha gari la shule lenye usukani mlegevu, tena kwa mguu mmoja na kwa kupiga kelele. Hili la buluu lilikuwa jingine kabisa. Kiti kilimwambia tairi la nyuma liko wapi. Usukani ulimwambia hapa kuna mchanga, hapa kuna lami nzuri, hapa nenda. Kwenye kona ileile ya kiwanda cha sabuni hakupunguza sana, akageuza viganja kidogo tu, na gari likakaa chini, likazunguka, likatoka upande wa pili kama lililokuwa likingoja kuombwa. Alicheka peke yake kwa sauti. Mguu wake, wala hakuukumbuka.

Bwana Matangi naye alilizungusha wakati wa kurudi, taratibu, kwa adabu, kama zamani alipokuwa mwanafunzi. Hawakupita penye dimbwi. Mwalimu alimtazama mikono yake, akaona imetulia, na moyo wake ukatulia nayo. Jibu lilikuwa ulimini.

Wakaingia yadi. Injini akawapokea kwa kejeli: "Haya, cherehani imeshona nini?"

Bwana Matangi alishuka, akafunga mlango, akasimama mbele ya lile gari kama anayetaka kuhutubia. "Injini, umeshindwa," alisema. "Nachukua hili. Lile jekundu lina kiburi. Unaligeuza huku, lenyewe lina lake. Gari gani hilo la kubishana na mwenyewe? Hili unaligusa tu, limeshakwenda. Halina kelele, halina ubishi." Akalipiga boneti makofi mawili mepesi, kama mtu anavyompiga ng'ombe matakoni. "Mimi nimefundishwa, bwana. Nguvu si kitu. Likutii, basi."

Injini na muuzaji wakacheka. Na yeye akanogewa.

"Na si gari tu," aliendelea. Akamgeukia Mwalimu, akampiga begani, makofi mawili, mepesi, kwa mkono uleule. "Unadhani nilikosa wasichana wa mjini, wenye moto? Walikuwapo. Nikasema, wa nini? Kelele za nini? Nilipomwona huyu, mjane, katulia, hana wa kumsemea, nikasema moyoni, hapana, hili ndilo. Hili unaligusa tu, limeshakwenda."

Hili. Si huyu. Watoto wanaoanza kusema wanajua kwamba mtu ni huyu, gari ni hili, na mtu mzima akimwita mwenzake hili ama amemtukana ama amemsahau kuwa ni mtu. Bwana Matangi hakukusudia kutukana. Hilo ndilo lililomchoma Mwalimu kuliko yote. Ulimi wake ulipita kutoka kwenye gari ukaja kwake bila kujikwaa mahali. Muuzaji alicheka mpaka manukato yake yakasambaa upya. Injini akasema, "Umechagua vizuri, halina gharama hilo," na wote watatu wakacheka tena.

Mwalimu alisimama palepale. Alihisi bega lake mahali lilipopigwa, kama kwamba limemwagiwa kitu kinachonata. Na lililomtia kinyaa zaidi ni kwamba lile neno la kutii lilikuwa lake. Masomo yote yale, asubuhi na jioni, mwanafunzi msikivu, mwenye mvi, asiye na aibu, na kumbe alichokuwa akisikia ndicho hiki. Jekundu lilimpa raha ya kumkanyagia maji mwanamke wa watu. La buluu lilimpa raha ya kutobishiwa. Magari ni mawili, dereva ni yuleyule.

"Mbona umenuna, Mwalimu?" Bwana Matangi aliuliza. "Utani huo. Haya, gari tumechagua, tena ulilolitaka wewe. Jibu langu liko wapi?"

"Nilikuja nalo," alisema Mwalimu. "Lilikuwa ndiyo."

"Lilikuwa?"

Mwalimu akageuka. Alikwenda getini, akafungua lile gari jeupe, akautoa mto wa kahawia, akachukua na kitambaa cha mlangoni, akarudi akiwa ameushika mto kwa vidole viwili. Akaufungua mlango wa gari la buluu, akauweka kwenye kiti cha abiria. "Wa atakayekaa hapa," alisema. Kisha akatoa kitambaa chake, kile cha usukani na gia, akajifuta bega mbele yao, pole pole, mbele na nyuma, kama anavyofuta mahali palipoguswa na mkono uliotoka puani.

"Mimi ndiye niliyesema unaweza kwenda," Mwalimu alimwambia Bwana Matangi. "Nilikosea. Mwanafunzi akifeli kwangu huwa namwambia arudi. Wewe usirudi."

Akaondoka. Alipita barabara ya viwandani, akamkuta yule mfagiaji ameketi ukingoni, amevua koti, analikamua. Akasimamisha gari, akashuka, akamwomba radhi. Yule mwanamke alimtazama kutoka chini.

"Si wewe uliyekuwa unaendesha."

"Nilikuwa ndani."

"Basi mlinicheka wote," alisema yule mama, akatema mate pembeni, akaendelea kukamua koti lake. Mwalimu alimwacha na kile kitambaa, ndicho kitu kikavu pekee alichokuwa nacho, na hakukumbuka kilikuwa kimefuta nini.

Jioni dada yake alishika kichwa kwa mikono miwili. "Alikupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Sijui. Hapana."

"Alinunua lile jekundu?"

"Alinunua nililomwambia anunue."

"Sasa kosa lake nini, mdogo wangu?"

Mwalimu alijaribu kueleza, lakini kila alipofika kwenye lile neno, "hili", alirudi nyuma, akaanza upya. Dada akayatazama mapazia yaliyokunjwa juu ya meza, akasema kwa uchungu kwamba hayataenea dirisha lolote la chumba kile.

Jumatatu mwanafunzi wa kwanza alikuwa msichana wa duka la dawa, mwoga, mikono imelowa. Kwenye kona gari lilimshinda, likapanda ukingo wa njia, likazima. Mguu wa Mwalimu ulikuwa umeshakanyaga.

"Halinitii, Mwalimu," msichana alisema, machozi yakimlengalenga.

Mwalimu alijinyoosha kwenye kiti. Pale palipokuwa na mto palikuwa na chuma, na kiuno kilikuwa kimeanza kuuma.

"Usitake likutii," alisema. "Linakwambia kitu. Washa tena, usikilize."